Minazi Yangu Chini ya Mbololo

Jumatatu, Mfunguo Saba, mwaka wa tano tangu vita vya Mjerumani viishe.

Mawingu yamekaa juu ya mlima Mbololo tangu alfajiri, kama mtu aliyekuja kuomba kitu akaona haya kukisema. Mvua haijanyesha. Joto ni lile lile la jana. Sina furaha wala huzuni, nina mikono inayouma, na kiganja cha kulia kimefanya malengelenge.

Naandika kwa herufi alizonifundisha babangu, ambazo hapa hakuna azisomaye ila Athumani, na Athumani hasomi kitu kisicho msahafu. Kwa hiyo nitasema kweli.

Leo nimeng'oa minazi yangu.

Athumani, mume wangu, hakuja huku kutafuta shamba. Aliletwa na vita. Walimkamata Mombasa wakamfanya mpagazi wa jeshi, akabebeshwa mizigo kwenda Taveta, na njiani akafungamana na Mdawida mmoja wa hapa, jina lake Mwakio. Mwakio alipougua tumbo la kuhara, Athumani alibeba mizigo miwili, wake na wa mwenzake, ili yule asiachwe porini. Vita vilipokwisha Mwakio akampa kipande hiki, chini ya mlima, karibu na mto. Hakumuuzia wala hakumkodisha. Alimwambia tu, lima, ule.

Athumani akarudi pwani, kwetu Jomvu, kunichukua. Usiku na mchana habari ni udongo wa Mbololo, jinsi ulivyo mwekundu, jinsi usivyo na chumvi. Mwisho nikauonea wivu ule udongo kama mke mwenza.

Sikutaka kuja. Nilisema wazi mbele ya kaka zangu, wala sikutafuna maneno: nitakwenda, lakini sitakula vitu vya kuchemshwa kwa maji matupu mpaka kufa kwangu. Nataka minazi, na iwe yangu kwa jina langu. Ikishindikana, nirudishwe kwetu. Athumani akakubali, kaka zangu wakashuhudia. Tukapanda gari la moshi na kikapu cha nazi za mbegu zilizokwisha chipua, abiria wakinitazama kama mwenda wazimu.

Alizipanda yeye mwenyewe. Kila jioni huteka maji mtoni, debe mbele na debe nyuma, mti begani, akaja kuzinywesha moja moja. Bega lake limeota sugu. Watu wa hapa humcheka, wakisema mtu wa pwani ananyonyesha majani.

Minazi haijazaa. Pengine isingezaa kabisa, hewa ya huku si ya kwetu. Nazi za kupikia nanunua dukani Voi, zikishuka kwenye gari la moshi, tena kavu. Lakini makuti ya minazi yangu yalikuwa yamenipita kimo, na upepo ukivuma yalitoa ule mlio wake. Nilikuwa nalala nikiusikiliza.

Sasa kosa letu ni hili. Kwetu mnazi ni kitu na ardhi ni kitu. Mtu huwa na minazi yake katika shamba la jirani, akaiangua, akaiuza, akawarithisha watoto, na mwenye shamba asione kuwa amepunguziwa chochote. Babangu alikuwa na minazi katika mashamba ya watu, na hakumiliki hata pa kujengea banda la kuku. Athumani alipopanda hakuomba ruhusa kwa sababu haikumjia akilini kwamba ipo ruhusa ya kuomba.

Kwa Wadawida sivyo. Mgeni akipewa shamba hupanda mahindi, maharagwe, maboga, vitu vinavyokwisha na msimu. Hapandi mti. Anayepanda mti amekwisha sema kuwa ardhi ni yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa na tukalishika kisawasawa. Habari ya mche hatukuambiwa na mtu.

Mwakio aliiona minazi ikikua akanyamaza. Nadhani ni kwa ajili ya ule mzigo aliobebewa. Mtu humwambiaje neno mwenziwe wa namna hiyo? Ndugu zake hawakubebewa kitu. Ardhi ni ya ukoo mzima, na wao walimwambia, mgeni wako amelioa shamba letu na mahari hajatoa. Basi mwezi uliopita akaja akatuambia kwa upole, akitazama chini: minazi ing'olewe kabla ya mvua. Mvua ikiikuta bado imesimama, ndugu zake watalitwaa shamba na sisi tutatoka, naye hatakuwa na la kusema. Leo ndiyo siku aliyosema atarudi kusikia jibu.

Hapa naungama. Siku ile nilifurahi.

Nilipiga hesabu zangu jikoni. Athumani ni mkaidi, atakataa, tutafukuzwa, nami nitarudi Jomvu bila kumwomba mtu. Na akikubali kuing'oa, amevunja neno alilolitoa mbele ya kaka zangu, na nitarudi Jomvu nikiwa na haki. Kotekote narudi. Mwezi mzima nikakaa na siri hiyo, napika, nafagia, nasema ndiyo na hapana. Vyungu vya kuchukua nilikwisha vichagua.

Athumani hakusema atajibu nini. Alitifua shamba lote, akaliweka tayari kwa mbegu, kama mtu asiye na kesi.

Mwakio alifika jua limepanda. Nilimpa maharagwe ya nazi, naye hulipenda tui kuliko mtu yeyote wa mlima huu. Alikula taratibu. Athumani akaanza kumweleza sheria ya kwetu, ya minazi ya huyu katika shamba la yule, akamwelezea vizuri hata mimi nikapendezwa. Kwamba hataki ardhi. Kwamba hata akiambiwa leo aape, ataapa.

Mwakio akasema, "Nakuamini, Athumani. Lakini mimi na wewe tutakufa. Mti utabaki hapa ukisema, na hautasema hayo uliyoniambia."

Athumani akashika kidevu. Nilijua ameshindwa. Nikangoja aseme tutang'oa, nami niingie ndani nikaanze kufunga vyungu.

Akasema, "Minazi si yangu. Ni ya Mama Salima. Muulize yeye."

Wakanigeukia wote wawili. Jambo hilo halikuwamo katika hesabu zangu.

"Siing'oi, shemeji," nikamjibu Mwakio. Sauti ilitoka imenyooka. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa siku nyingi, ingawa nilidhani nitaitumia kwa mume wangu.

Athumani hakubisha. Hakunikazia hata jicho. Akamwambia mwenziwe, "Umesikia. Tutaondoka kabla ya mvua. Wewe na mimi hatuna neno." Mwakio akanawa mikono, akaaga vizuri, akaenda zake.

Basi ndiyo hivyo. Nilipata nilichokitaka, mchana kweupe, bila kelele.

Nikaingia ndani nikaketi kuisubiri furaha. Haikuja. Nikajiambia labda itakuja baada ya kuswali adhuhuri. Nikaswali. Nikafungua sanduku, nikakunja kanga, nikazikunjua, nikazikunja tena. Moyoni kimya tu, kama nyumba ya watu waliohama.

Salima, binti yangu, alikuwa nje akigombana na watoto wa Mwakio kwa Kidawida. Mtoto huyu akiumia hulia kwa Kidawida. Nikafikiri Jomvu tutakaa wapi. Chumba cha uani kwa kaka yangu mkubwa, ndicho kilichopo, na nitapika wifi yangu akishamaliza jiko. Athumani ataenda bandarini kubeba magunia ya watu kwa bega lile lile. Hayo nilikuwa nayajua siku zote. Nilikuwa nimeyaweka upande nisiyatazame.

Alasiri nikasikia madebe. Athumani alikuwa anatoka mtoni, mti begani, maji yakimrukia miguuni. Akaenda moja kwa moja kwenye minazi, akaanza kuinywesha kama kila siku. Minazi ambayo ndugu zake Mwakio watakuja kuikata siku ile ile tutakayotoa mguu.

Nikatoka nikamwuliza, "Unainyweshea nini tena?"

"Ni yako," akasema. "Mpaka siku tunayoondoka ni yako." Akamimina debe la pili.

Hakusema kwa kunichoma. Ningejua, maana nimemzoea. Akitaka kunichoma huanza kwa kikohozi. Alisema kama mtu anayetaja siku ya leo ni Jumatatu. Aliahidi mbele ya kaka zangu, na hii ndiyo ahadi, na ikimgharimu shamba basi imemgharimu shamba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mume atakayechagua udongo. Kwa mume atakayenichagua mimi sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Nilimpenda pale aliposimama na debe lake. Nilikasirika pia, kwa kiasi kile kile. Miaka yote hii nimekula mkate wa manung'uniko yangu, asubuhi na jioni, na mtu huyu ameninyang'anya kwa madebe mawili ya maji.

Alipokwenda mtoni mara ya pili nikachukua jembe.

Mnazi, hata mchanga, una ukaidi. Mizizi yake ni mingi na myembamba kama nywele zilizosukwa, na udongo alikuwa ameulainisha yeye mwenyewe dakika ile, la sivyo nisingeuweza. Nikachimba kuzunguka, nikakata kwa panga, nikaukumbatia nikavuta, nikaanguka nao chali. Kanga ilichafuka yote. Nikaenda wa pili.

Athumani akanikuta hapo. Akatua madebe. "Unafanya nini, Mama Salima?"

"Napalilia," nikasema.

Aliutazama mnazi uliolala chini. Kisha akageuka kutazama mlima, na kwa jinsi mabega yalivyokuwa yakicheza nilijua analia, nikamwacha alie. Mimi nilikuwa na kazi. Baadaye akaja, akanitoa jembe mkononi pole pole, tukamaliza pamoja. Mashimo akayafukia vizuri, akayasawazisha, usingejua palikuwa na kitu.

Mnazi wa mwisho niliuburuta mwenyewe mpaka kwa Mwakio, kule mlimani, ili asije akahadithiwa na watu. Nilifika nimelowa jasho. Mwakio hakuwapo, alikuwa kwa ndugu zake. Mkewe, Mama Wakesho, alikuwa akiponda kimanga kwa mwiko. Yeye na mimi hatujawahi kupatana sana. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, Kidawida changu ni cha salamu, na kimanga chake, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, nimekisema vibaya mara nyingi na najua habari zimemfikia.

Akautazama mnazi pale mlangoni. Akanitazama mimi, matope mpaka kwenye nywele.

"Sasa wewe nakaa," akasema.

Sikujua kama ananiuliza au ananiambia. Akanipakulia kimanga kwenye kibuyu kilichopasuliwa, akaketi karibu yangu, tukala. Hakina tui wala pilipili. Nilikula chote, kwa kuwa nilikuwa na njaa, na nikaongezwa.

Nilirudi jua likitua. Athumani alikuwa ametoa mbegu za mahindi anazichambua, mbovu huku nzima huku, na Salima anamsaidia kwa kuzichanganya. Hakunishukuru, na namshukuru kwa hilo. Angenishukuru ningekuwa nimemfanyia hisani, na mimi sina hakika kuwa nilimfanyia yeye.

Mvua yenyewe bado. Mawingu yameteremka kidogo, labda kesho, labda keshokutwa. Upepo unavuma nje na hausemi kitu, unapita tu.

Kaka zangu watasikia. Mkubwa ataleta ujumbe kwa mtu wa gari la moshi kuwa Athumani amevunja neno, nije nyumbani, chumba kipo. Nitalazimika kumjibu kuwa hakuvunja. Alinipa njia ya kurudi mbele ya shahidi, hakuniwekea hata mguu mbele. Niliyeifunga njia ni mimi, kwa jembe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Nitalia tena hapa, najijua. Kiangazi kikikaza, au Salima akiugua, au nikiota bahari, nitaketi nyuma ya nyumba nilie. Mpaka jana nilikuwa na wa kumlaumu.