Maji ya Anayetoka Mazikoni

Kitale, 11 Februari 2006

Kwa binti yangu Bilan,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto unaowafundisha hapo Bungoma. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila magoti siku hizi ni ya kubembelezwa ndipo yainuke.

Ni miaka minne hatujaandikiana. Nakuandikia kwa sababu bafu letu la umma hapa mjini litabomolewa. Baraza limetupa mpaka mwisho wa Juni, halafu patajengwa vibanda vya nguo. Karani mmoja mwenye adabu ameniomba niandike historia ya bafu iwekwe ofisini. Kuchochea moto najua, kuandika historia sijui. Wewe ni mwalimu. Nitakusimulia, unipangie.

Andika kwamba lilijengwa wakati wa wazungu, kwa ajili ya vibarua wa mashamba ambao hawakuwa na pa kuoga wakija mjini. Babu yako Naim ndiye aliyewasha moto wa kwanza chini ya lile tangi, kwa kuni za mkaratusi. Jumamosi watu wa Endebess walipanga foleni mpaka sokoni, wamejaa vumbi la mahindi. Mbukusu, Msabaoti, Mturkana, Msomali, wote humo ndani walikuwa uchi, sasa nani angemringia nani? Jumatano ilikuwa ya akina mama, na zamu ya ndani ilishikwa na Mama Jerop, ambaye hakucheka na mtu aliyemwaga maji ovyo. Ijumaa watu wa msikiti walikuja mapema kuoga kabla ya swala.

Kuna jambo lingine ambalo sitaki liandikwe. Ile siku ulipokuja, ulikataa maji yangu. Sijawahi kukuuliza kwa nini, na hata sasa siulizi.

Ni mimi baba yako,
Ladan

*

Bungoma, 3 Machi 2006

Kwa Baba,

Wa aleikum salaam. Mimi ni mzima. Pole kwa magoti, jifunge kitambaa cha joto, usijifanye kijana.

Nimesoma habari za bafu vizuri tu, mpaka nilipofika pale mwisho nikaitupa barua chini. Ati mimi ndiye niliyekataa! Acha nikukumbushe, maana naona umesahau. Mama alizikwa Matulo Jumanne. Jumatano asubuhi nilikuwa Kitale, kwenye dirisha lako, viatu vimejaa udongo wa kaburi lake. Nikakwambia, "Baba, natoka kumzika Mama." Na wewe ulifanya nini? Hukusema pole. Hukuniita hata jina. Ulichota ndoo ya maji moto, ukaiweka mbele yangu, ukanionyesha mlango kwa kidole kama mteja yeyote wa sokoni.

Niliiacha ndoo hapo hapo nikaondoka. Nililia kutoka Kitale hadi Bungoma. Nikajiambia, kumbe Mama alikuwa na haki kukuacha na kunichukua nikiwa na miaka minne, huyu mtu alioa bafu.

Historia nitakuandikia. Hilo lingine uniambie wewe, kama unalo la kusema.

Binti yako,
Bilan

*

Kitale, 9 Aprili 2006

Kwa mwanangu Bilan,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikafunga dirisha la bafu mchana, kitu ambacho sijafanya tangu babu yako afariki. Ala, kumbe hakuna aliyewahi kukwambia! Ungekulia hapa ungejua kabla ya kujua kuhesabu.

Ni sheria ya bafu. Babu yako aliiweka mwaka ule homa ilipoua watu mashambani, wakawa wanakuja hapa moja kwa moja kutoka makaburini. Alisema, anayetoka mazikoni usimsemeshe. Ukimsalimu itabidi akujibu, na hana nguvu ya kujibu. Mpe maji moto, aingie alie humo ndani, maji yafunike sauti yake. Akishatoka ameoga, hapo ndipo umwite kwa jina, umpe pole, umpe uji, umkalishe. Wakristo na Waislamu wote waliifuata. Hata watu wa Bokoli na Matulo wakipita hapa walijua.

Na anayekataa maji hayo anasema jambo moja tu, kwamba mwenye bafu ana mkono katika kifo kile. Miaka yote hiyo aliyekataa alikuwa mtu mmoja, na alikuwa anamshuku mchochea moto wetu kwamba alimlisha ndugu yake sumu. Wa pili ulikuwa wewe. Nilijua unasema nilimuua mama yako kwa majonzi. Nikaona pengine ni kweli. Ndiyo maana sikukufuata.

Uji wako ulikuwa tayari jikoni, mwanangu. Nilikuwa nimeutia sukari.

Baba yako,
Ladan

*

Kitale, 16 Julai 2006

Kwa Bilan,

Salamu. Sijui kama u mzima, maana hujajibu tangu Aprili. Mimi nimekaa tu.

Bafu limeanguka. Walikuja na tingatinga asubuhi, na kabla ya saa nne hakuna kitu. Tangi halikukubali upesi, iliwabidi walikate. Mzee Mukhisa, yule mpakiaji magunia, alisimama kando yangu akavua kofia. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwazomea, bana, lakini nami nikavua yangu.

Nadhani najua kwa nini umenyamaza. Umeona baba yako amejificha nyuma ya sheria. Basi umeona sawa, na sitaki kufa na uongo huu. Mukhisa huyo huyo alipofiwa na mtoto alikuja dirishani na mimi nikatoka nje nikamkumbatia, hajaoga, tukalia wote wawili barabarani. Sheria niliivunja kwa ajili ya mpakiaji magunia. Kwa ajili yako sikuivunja.

Nilikuwa na hasira. Mama yako hakuwa ameachika. Alikuwa mke wangu, na alizikwa kwao kama msichana ambaye hajaolewa, mimi mumewe nikapata habari wakati kaburi limeshafunikwa. Nilitaka kuwapigia kelele wajomba zako, na wao hawakuwepo dirishani. Uliyekuwepo ni wewe. Sheria ikanipa ruhusa ya kunyamaza, nami nikaichukua. Nilidhani nitakusemesha ukishaoga. Nisamehe.

Baba yako,
Ladan

*

Bungoma, 5 Septemba 2006

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Ni mzima wa mwili. Barua zako zote mbili ninazo hapa mezani.

Sikunyamaza kwa sababu sikukuamini. Nilinyamaza kwa aibu. Wajomba hawana kosa. Mama alipofariki, maiti ilikaa nyumbani siku nne, na mjomba Wabwile alisema wazi kwamba hawezi kuzika mke wa mtu bila mwenyewe kuitwa. Akanituma mimi nikuite, maana mimi ndiye niliyejua namba ya yule muuza dawa jirani yako. Simu ilikuwepo, Baba. Sikuipiga. Nilizunguka sokoni saa nzima, nikarudi nikamwambia, "Baba amesema zikeni tu." Nilitaka umkose kama yeye alivyokukosa. Kisha nikaja Kitale mbio, ili niwe wa kwanza kukuona ukiumia. Uliponinyamazia nilishukuru hata, kwa sababu nikapata kosa lako la kufunikia langu. Miaka minne nimelifunika nalo.

Jumapili nilikwenda Matulo nikamwambia mjomba. Alishika kichwa. Alisema watakuja wao wenyewe kukuomba radhi kama wazee, lakini mimi nitangulie.

Nakuja Jumamosi. Usijibu barua hii, nitakuwa nimefika kabla ya jibu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, nitakwenda. Lakini nikisimama mlangoni pako, nakuomba, sema nami papo hapo. Hata likiwa tusi, Baba, liseme.

Mwanao,
Bilan