Bafle za Kumunyamazisha Zawadi

Jumapili, 5 mwezi wa kumi

Nimefua nguo za mutoto wangu Furaha, nimeanika, mvua imekuja, nimeanua. Bahati bwana yangu amelala na viatu. Hakula.

Jana tulibeba dada yangu kanisani, yeye njo bibi arusi. Gari yetu ni ya zamani lakini tuliiosha mpaka ikang'aa. Pale Mushaki watu wamejaa barabarani, Bahati akafungua muziki, bafle zinazotoa sauti zikapasuka. Krrr, krrr. Hata wimbo haukujulikana. Nyuma yetu kulikuwa gari ya bwana ya Zawadi, jirani yetu. Zawadi akafungua muziki yao. Watu wote wakahamia kwake kucheza. Dada yangu akabaki ndani ya veli yake ya arusi, analia.

Zawadi akatoa kichwa dirishani: "Mama Furaha! Hiyo gari yenu iko na kifaduro! Muipeleke hospitali ya Mweso!"

Watu walicheka. Mashemeji wapya nao walicheka.

Ninamuchukia. Niandike tena: ninamuchukia.

Jumanne, 7

Binti ya Mama Sifa anaolewa mwisho wa mwezi. Mama Sifa njo anauza fromaji, jibini la maziwa ya huku, mpaka Goma. Kila wiki anazipakia mu kofre ya gari yetu, kule nyuma, juu ya majani mabichi ili zisipate joto. Kazi hiyo njo inatulisha. Sasa anasema bado anaangalia gari gani itabeba binti yake. Na Zawadi ameshaanza kumupelekea maziwa. Akipata bibi arusi, atapata na fromaji. Haya yote nayaona wazi.

Nimemuambia Bahati ninauza mbuzi yangu.

"Juu ya bafle?"

Juu ya bafle. Bahati akaenda kufungua kamba ya mbuzi mwenyewe.

Alhamisi, 9

Sake. Duka ya Papa Kambale, muntu wa Butembo. Ametupangia bafle juu ya meza. Ndogo za mviringo, za milango. Ziko za karatasi na za plastiki. Anasema za karatasi zinaoza na unyevu wa kwetu, kama zile zetu. Halafu kisanduku kimoja kikubwa, taa nyekundu na bluu zinacheza ndani.

"Mama, gari yenu inataka hizi ndogo za plastiki. Zinaingia bila kukata kitu. Sauti safi."

"Na ile kubwa, inasikika mpaka wapi?"

"Mpaka kwa adui yako, mama."

Nimechukua kubwa. Bahati alitaka kusema neno. Nimemuangalia, akaliacha.

Ijumaa, 10

Fundi amefunga kisanduku mu kofre. Saa ya kula tumesimama mbele ya nyumba ya Zawadi. Nimefungua mwenyewe, mpaka mwisho. Kuku zake zimetawanyika. Bwana yake ametoka na ugali mukononi. Zawadi amefunga dirisha. Amefunga!

Furaha alilia. Nimemubeba, nimemubusu kichwa, lakini sauti sikupunguza. Utamu wa namna hii sikuujua hata siku ya ndoa yangu.

Jumatatu, 13

Mama Sifa amefika na fromaji. Bahati amefungua kofre. Tumesimama watatu, tunaangalia kisanduku.

Hakuna aliyefikiria. Mimi sikufikiria. Kila wiki ninakata majani ya kutandika mule, halafu mule mule nimejaza kelele.

Fromaji zimekaa kwa viti, katikati ya abiria wa Goma, juani. Zimetoa mafuta, abiria wamechafuka, wametutukana njia yote. Kule Goma wanunuzi wamezigeuza, wamezinusa, wamezikataa.

Jumanne, 14

Mama Sifa amekuja. Hakukubali kiti.

"Binti yangu nimemupa gari ya Zawadi. Lakini fromaji yangu haina masikio, mwanangu. Ukiondoa kile kitu, nitarudi. Usipokiondoa, Zawadi naye iko na kofre."

Nimelia, hasira tupu. Nimetafuta musumari wa kutoboa pneu, magurudumu ya gari yao, nimeupata. Nimeushika. Furaha naye akaushika, anavuta, anacheka, anafikiri ni muchezo wetu wawili. Nimemufungua vidole kimoja kimoja. Musumari nimeutupa mu choo.

Zawadi, Mungu anakuona. Na mimi ninakuona.

Alhamisi, 16

Tumerudisha kisanduku. Papa Kambale amekipangusa vumbi.

"Kumbe adui hakusikia?"

"Alisikia, Papa. Alisikia vizuri."

Amecheka peke yake. Tumechukua zile ndogo za plastiki. Zimeingia mu milango, hakuna kilichokatwa. Bahati amepiga mluzi. Siku nyingi hakupiga mluzi.

Jumamosi, 25

Ndoa ya binti ya Mama Sifa. Wamepita asubuhi, sisi tuko kando ya barabara tunapanga fromaji za Mama Sifa mu kofre. Zawadi amekaa mbele kama yeye njo anaolewa, muziki juu. Bahati aliniangalia: tufungue zetu? Wako karibu, tungewaharibia kabisa. Mukono wangu ulikuwa tayari kwa radio.

Nikaona yule bibi arusi kwa kiti cha nyuma. Amesogea karibu na dirisha, midomo inafuata wimbo wa arusi yake.

Nimerudisha mukono. Zawadi sikumusalimia, na sitamusalimia kesho.

Halafu tumeteremka Sake polepole, kofre imejaa. Hapo njo nimefungua muziki, kidogo. Furaha ameweka kiganja kwa mulango, pale sauti inatokea. Hakukiondoa mpaka chini ya mulima.