Neno Lisilotamkwa Kwetu, na Mteremko wa Mtoni

Kaka Amisi,

Huko Kalima unakochimba madini, salamu zangu hukufikia kwa midomo ya watu, na zako hurudi vilevile: "Amisi iko muzima, anasalimia." Nimechoka na salamu za midomo. Leo naandika mwenyewe, maana nataka urudi nyumbani, na najua kinachokuzuia.

Unakumbuka kiti changu cha kwanza cha magurudumu? Ulikiunga mwenyewe kwenye karakana ya reli, na zile pete za kusukumia, maduara ya kando ya magurudumu, ukazikunja kwa bomba la maji. Zilikuwa zinateleza kama sabuni. Ukanifundisha uani kwa kelele: "Kamata nguvu, Zaina! Kamata!" Mimi nacheka, wewe umenuna kama mwalimu mkuu.

Kisha vita vikaingia hapa kwetu Kindu. Asubuhi ile tulikimbilia mtoni, wewe ukinisukuma. Katikati ya mteremko risasi zikalia karibu, ukaachia. Nilikamata pete ya kulia peke yake, kiti kikageuka, nikaanguka, mkono ukavunjika. Ulirudi, ukanibeba mgongoni, ukilia kunishinda mimi. Lakini uliachia. Tangu hapo neno hilo, "achia", halikutamkwa kwetu. Hata kamba ya mbuzi, mama alisema "ilegeze". Mkono ulipopona, wewe ulishahamia Kalima.

Sasa nimepata kiti kipya. Pete zake zimevikwa mpira. Kwenye tambarare zinasukumika vizuri, bega haliumi. Ila kwenye mteremko ni balaa: siku ya kwanza nilizikamata ulivyonifundisha, mpira ukanichoma kiganja, na kidole gumba kikaponea chupuchupu kunaswa na vyuma vya gurudumu. Binti wa hospitali anayenifanyisha mazoezi akapiga ukelele: "Mama, usikamate vile! Gusa, achia. Gusa, achia. Mikono yote mbili pamoja!"

Nilimkasirikia, kaka. Nilimwambia kwangu neno hilo halisemwi. Akanijibu bila kupepesa, "Basi utaungua, mama." Wiki mbili nilijifunza kwenye ubao ulioinamishwa, glavu mikononi, vidole gumba juu ya pete, nikinung'unika tangu mwanzo hadi mwisho.

Jana nilishuka mteremko ule ule, peke yangu. Pikipiki ikanipita kwa honi, mkono wa kulia ukakamata wenyewe, kiti kikaanza kugeuka. Nikajilazimisha. Nikagusa, nikaachia. Nikagusa, nikaachia. Jasho lilinijaa machoni na sikuwa na mkono wa kulifutia. Nilipofika chini, karibu na mitumbwi, nililia mbele za watu.

Miaka mingi nilikuwa na hasira na wewe, sikufichi. Jana ndipo nilipojua jinsi mikono inavyoweza kufanya kitu bila kumuuliza mwenyewe. Hasira imeisha. Mama amezeeka, na kila gari la Kalima likiingia anatoka mlangoni kutazama.

Sikuiti uje kunisukuma, kaka. Njoo tu.

Mdogo wako,
Zaina