Ndoo za Mchirizini

Jumatano, masika

Bado hapatikani. Ujumbe wa mwisho wa mwanangu Raya, aliyeolewa Burkina Faso, uliingia alasiri: "Mama, basi limetuharibikia njiani. Jua kali, wala hapana kivuli. Maji yanakaribia kwisha." Na ana mimba yule.

Naogopa. Wanasema joto la miezi hii kule linaua hata wazima.

Hapa Mtambile mvua haijakatika tangu alfajiri. Bi Saada, jirani yangu, kaja kulalamika nguo zake hazikauki. Nikamwambia, "Mshukuru Mungu, Bi Saada, kisha nenda zako!" Akaondoka bila kuaga. Kesho nitamtaka radhi. Ikiwa kesho...

Ndoo nilizotega mchirizini zimejaa. Nimetoka na mvua hiyohiyo nikaziingiza ndani, moja moja. Siwezi kuyatazama maji yakimwagika.