Aliyebonyeza Ruhusu

Kwako Kaka,

Shikamoo. Habari za kazini, na kile kikohozi chako kimekuachia? Mama anauliza kama yale mashati mawili yamekukaa vizuri mabegani, maana anasema siku aliyokupima ulikuwa umekonda. Sisi huku miili yetu mizima. Nasema miili kwa sababu nyumba yenyewe haina afya, na wewe umeshasikia upande mmoja wa habari. Huu ninaokuandikia ni upande wa pili. Kwenye simu ningeishia katikati nikakata.

Yote yalianzia kwenye kompyuta uliyotuachia. Unajua Mama anavyoitunza kuliko anavyotutunza sisi. Iko chumba cha mbele, kando ya cherehani, na ukutani linaning'inia daftari la zamu. Kila anayekaa pale lazima aandike jina, tarehe na saa, kwa sababu humo ndani mna vipimo vya wateja na picha za mishono, na Mama hataki mtu aguse bila kujulikana.

Katikati ya mwezi uliopita yakaanza matangazo ya kujitokeza yenyewe. Unafungua picha ya gauni, pembeni kinachomoza kisanduku kinasema umeshinda simu. Ukikifunga, vinakuja viwili. Kingine kilikuwa chekundu, kinalia king'ora na kusema kompyuta ina virusi vitano, piga namba hii upesi. Mama alikuwa ameshaanza kuibonyeza ile namba nilipochomoa waya ukutani. Alinikaripia kwamba nimeizima ghafla kama mtu anayemmwagia mgonjwa maji ya baridi.

Kisha ikaja siku ya aibu. Mteja mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alikaa kuchagua mshono wa harusi ya mwanawe, nami nikawa namwonyesha picha. Kikachomoza kisanduku chenye msichana aliyevaa nusu ya nguo, na maandishi makubwa kwamba wanawake walio karibu nawe wanasubiri uongee nao. Yule mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma mpaka mwisho. Halafu akamuuliza Mama, kwa ule upole unaochoma, kama siku hizi amepanua biashara. Kesho yake alituma mtu kuchukua kitambaa chake.

Hapo ndipo Mama alipoanza uchunguzi. Jirani yetu muuza dawa alimwambia kuwa kompyuta humrudishia mtu kile anachokitafuta. Mama akahesabu vichwa. Yeye anatafuta mishono tu. Mimi nimemaliza shule juzi, na hata kuku naona haya kumfukuza. Anabaki nani? Anabaki Mjomba, kapera wa miaka arobaini na mitano, aliyehamia kwetu tangu kibanda chake cha kunyolea kilipobomolewa kupisha barabara.

Nami nikamshuku, Kaka. Nilianza kumvizia. Nikipita nyuma yake alikuwa anafunga ukurasa haraka na kupiga mluzi, nikajiambia mtu asiye na jambo hapigi mluzi. Nilihesabu dakika zake. Nilisikiliza jinsi anavyokohoa kabla ya kukaa. Siku moja nilisimama nyuma ya magauni yaliyotundikwa nikamwona ameinama hadi pua inakaribia kugusa kioo, mkono mmoja umeshika kofia yake, anageuka kutazama mlango mara mbili. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama nikamwambia. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia.

Mama akamweka Mjomba kitako. Alipomuuliza kuhusu hao wanawake walio karibu naye, Mjomba alijibu kwamba wanawake walio karibu naye ni dada yake na mpwa wake, na wote wawili wamemchoka, kwa hiyo hana haja ya kuongezewa. Kicheko kilinipanda, lakini Mama alikuwa ameshafungua daftari. Alimsomea zamu zake moja moja kama hakimu. Mjomba alinitazama kidogo, kisha akasema ndiyo, jina ni lake na mwandiko ni wake.

Jioni hiyo Mama akakupigia kwa spika, na maneno uliyosema bila shaka unayakumbuka: huyo mzee asiguse tena kitu chako, na atafute pa kwenda. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Aliomba tu avumiliwe hadi Jumapili, rafiki yake ampatie kona ya kulala kwenye saluni.

Keshoye nikaamua kuisafisha kompyuta, kwa yale machache tuliyofundishwa shuleni. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikakuta orodha ya tovuti zilizopewa ruhusa ya kututumia matangazo. Zilikuwa kumi na moja, na hata moja siijui. Nikazifuta zote. Halafu nikafungua orodha ya programu zilizomo, nikaipanga kwa tarehe. Kulikuwa na tatu ngeni, zote zimeingia siku moja, tarehe kumi na mbili. Nikalikimbilia daftari. Tarehe kumi na mbili, saa tisa hadi saa kumi: Mjomba. Moyo ulinidunda kwa furaha mbaya, ile ya mtu aliyemkaba mwizi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita Mama, ndipo nikasoma jina la ile programu ya kwanza. Kilikuwa kinasa sauti.

Kaka, kinasa sauti nilikiweka mimi.

Wiki ijayo naitwa kwenye usaili wa kupokea wagonjwa katika zahanati ya meno. Sikumwambia mtu, kwa sababu unanijua, mbele ya wageni sauti yangu hurudi tumboni. Nilitaka kujirekodi nijisikie, nijifunze kusema mpaka mwisho wa sentensi. Mjomba alinikuta naongea peke yangu uani. Akaandika jina lake kwenye daftari, akanipa saa yake yote, akaenda kukaa barazani ili mtu asiingie. Mimi nilimwapisha asimwambie yeyote. Nilipotafuta kinasa sauti cha bure, kila hatua kilitokea kisanduku kikiomba kitu. Kubali. Endelea. Ruhusu. Nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Sijui kumkatalia mtu, na siku hiyo nilishindwa kuikatalia hata mashine. Nilipomaliza nilifuta rekodi zangu kwa aibu, nikajilazimisha kuisahau ile saa. Nikaisahau kweli.

Kibaya zaidi ni kwamba baada ya kukumbuka nilinyamaza siku mbili. Niliziondoa zile programu tatu, matangazo yakakoma, Mama akasema umeona, tangu Mjomba akatazwe kompyuta imepona. Nikaitikia ndiyo Mama.

Leo asubuhi nimemwambia. Cherehani ilikuwa inanguruma, akasimamisha mguu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akautoa uzi mdomoni, akanishika mkono tukaenda chumbani kwa Mjomba, akamwomba radhi mbele yangu. Mjomba alisema alijua tangu siku ya kwanza, ila aliapa, na siri ya mtu ni amana. Alikuwa anasubiri nikumbuke mwenyewe. Nikalia. Akasema nisilie kwa sauti ndogo namna hiyo, nitaukosa usaili. Na alichokuwa akikitafuta siku ile hakina aibu yoyote. Sitakiandika, ila nakuomba ujiulize kwa nini kinyozi siku hizi havui kofia hata ndani.

Lakini begi alilokuwa ameshalifunga hakulifungua. Mama alimsihi, akajibu kwamba dada yake hakumfukuza, aliyemfukuza ni mtoto aliyembeba mgongoni kumpeleka darasa la kwanza, na neno hilo haliondolewi na mtu mwingine. Kwa hiyo barua hii naituma kwa dereva wa lori wa hapa jirani, anayeondoka alasiri. Ameniahidi itakufikia Ijumaa. Mjomba anaondoka Jumapili asubuhi.

Kosa ni langu, Kaka, na adhabu yoyote utakayotoa nitaipokea. Kama ni kutoigusa kompyuta tena, sawa, jina langu nimeshalikata daftarini. Lakini neno ni lako, nami siwezi kulirudisha kwa niaba yako. Piga simu Jumamosi. Usiongee na Mama, mwombe ampe Mjomba, na usimwite mzee.

Mama anakusalimu sana na anasema ujikinge na baridi. Muuza dawa naye anakusalimu, ingawa sijamsamehe. Mjomba hakuniambia nikusalimu, nami sikuthubutu kumwomba.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi