Baba Fundi Viatu, wanataka kumtoa Mama barazani

Mwaka umekatika, Baba, tangu tukuzike. Tulitaka kukuandikia kwa utulivu, lakini damu inatuchemka. Utusamehe. Ungekuwepo nawe ungechemka.

Waliokujua wanajua. Meza ya viatu barazani, misumari mdomoni, mteja unamjibu kwa nyusi. Mtoto akija na kiatu kilichoachama hukumwacha aondoke pekupeku. Ulimvalisha kandambili zako, wewe ukabaki miguu mitupu mpaka kazi iishe.

Barabara mpya ilipopita nje ya mji, mtaa wetu mkuu ulikufa. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Wewe ukafagia mbele ya meza yako, kisha ukasogea ukafagia na mbele ya duka lililofungwa, na la pili yake. Kinyozi jirani akakucheka: "Mzee, unawafagilia mashetani?"

Ukamwambia, "Mteja hawezi kuruka jaa lote hili anifuate mimi. Shika ufagio."

Akashika, huku ananung'unika. Ndivyo ilivyoanza desturi yenu: aliye wazi anamfagilia aliyefunga. Baadaye mkapaka milango rangi, mkaweka taa, mkazibua mfereji. Watu wakarudi, na maduka yakafunguliwa.

Mfereji ndio uliokumaliza. Ulikuwa unakohoa, tukakuambia nenda hospitali, ukasema, "Acheni kwanza nimalize kipande hiki." Loo, Baba! Wewe pia tuna hasira nawe. Kipande gani hicho cha kukishinda kifua chako?

Sasa sikia. Yule mwenye duka la nguo, aliyekuwa wa kwanza kufunga akakimbilia barabara mpya, amerudi. Tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ufagio hajaushika hata siku moja. Wiki iliyopita alimjia Mama, ambaye tangu uondoke ndiye fundi wa meza yako (na tukuambie ukweli, gundi yake inashika kuliko yako). Akamwambia viatu vibovu vinaharibu sura ya mtaa, ahamie nyuma, karibu na choo. Halafu, bila haya, akaomba picha yako. Kamati yake wanataka kuitundika siku ya sherehe ya mtaa, waandike kwamba wewe ndiye uliyeufufua mtaa.

Jamani! Wakutundike wewe ukutani, wamfukuze mkeo barazani?

Mama hakupandisha sauti, unamjua. Alimaliza kugonga kisigino alichokuwa nacho, akasema, "Shemeji, picha sikupi. Anayetaka kumkumbuka mume wangu aje hapa na kiatu chake, nimshonee."

Kinyozi akatoka mbio, mteja wake nyuma yake ana povu shavuni. "Mama akihamia chooni, na mimi nabeba kiti changu namfuata!"

Mwenyekiti akaondoka, akasema atarudi Jumamosi na kamati nzima. Na arudi tu.

Atatukuta wote: mkeo, mezani pake, sisi wanao wanne, wajukuu zako, dada yako, ambaye mdomo wake unaujua mwenyewe, na kinyozi, ambaye si ndugu wa damu lakini amekataa kuachwa nje ya tangazo hili la kukukumbuka.

Tunakupenda, Baba. Kukusahau hatukusahau, na Mama hahami.