Tope la Nduwa

Shirimatunda, Moshi
17 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Tito,

Salamu za mvua hizi za vuli zikukute mzima huko Morogoro, wewe na lori lako. Huku hatujambo. Shemeji yako Veronika anakusalimu, mafua yake yamekwisha. Mama nilimwona Jumapili iliyopita baada ya misa. Goti bado linamsumbua akipanda mlima, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, na kila nikifika anakuulizia. Salvina wako amekua, meno mawili ya mbele yameng'oka. Hali yangu mwenyewe sijui niielezeje. Siumwi. Naenda kazini, narudi, nakula. Veronika anasema naishi humu ndani kama mpangaji.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umeandika kwamba Krismasi utampandisha Theodora kwetu Kirua akaonwe na Mama, na Januari mfunge ndoa, kwa kuwa wewe na Mektrida hamkuwahi kufika kanisani. Umeniomba niwe msimamizi wako. Kabla sijakujibu nina habari za kukupa, na itabidi nianzie mbali kidogo. Nivumilie.

Mwezi wa kwanza alikuja pale maabara ya maji mtafiti mmoja, mama Ruth, anayepima madini kwenye mito na mifongo, hii mifereji yetu ya mlimani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtembeza. Nikampeleka kwetu, kwenye nduwa, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mfongo kwa ajili ya kumwagilia. Alichota maji ya juu, akachota na tope la chini. Maji yalikuwa safi. Tope lilikuwa na shaba nyingi kuliko matope yote aliyokuwa amekusanya. Alinieleza kwamba shaba haikai sana majini. Inazama, inashikamana na tope, na ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana.

Shaba hiyo ilikotoka tunakujua wote wawili. Kwa zaidi ya miaka ishirini Baba ndiye aliyepiga dawa ya mrututu, ambayo ni shaba tupu, kahawa ya nyumba zote tisa za mfongo wetu, na kila alipomaliza alisuuza bomba ukingoni mwa nduwa. Maji ya bluu yaliteremka, na sisi tuligombania kushika mpini. Hakuna aliyeona ubaya. Watu walimshukuru sana, mpaka siku ya mazishi yake walikuwa wakiitaja kazi hiyo.

Mama Ruth aliniomba niwaambie wazee. Wiki mbili baadaye ikafika siku ya kuzoa tope la nduwa, na kwa kuwa Baba alikuwa kaburini, nilisimama mimi kwa niaba ya nyumba yetu. Tope likagawanywa kama kawaida, kila nyumba fungu lake la kurutubisha kihamba, shamba la nyumbani, na kwa heshima ya marehemu wazee wakatuongezea fungu la pili. Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikaona nikisema, watakaa kwenye pombe yao ya mbege wakimwita Baba mtu aliyewatilia sumu. Nikashukuru, nikabeba kapu. Mafungu yote mawili niliyamwaga kwenye majani ya mifugo kule bondeni, nikijidanganya kwamba majani si chakula cha mtu.

Majani hayo Mektrida aliyakata kila siku, tope likiwa limeyaganda, akawalisha ng'ombe na wale kondoo watatu tuliowaweka wachinjwe kwenye kumbukumbu ya Baba. Ng'ombe huvumilia shaba. Kondoo hawezi. Inajaa kwenye ini miezi na miezi naye anaonekana mnono tu, halafu siku moja anaanguka. Haya nimeambiwa baadaye na bwana mifugo. Mwezi wa nane walianguka wote ndani ya wiki moja, macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi.

Wewe ulifika siku ya nne, ukakuta Mama ameshahukumu. Alisema ni Mektrida, kwa sababu walikuwa wamegombana. Mektrida alitaka kung'oa mistari miwili ya kahawa ya Baba apande nyanya, maana bei ya kahawa siku hizi ni aibu, na Mama akaona mkamwana hamtaki Baba hata akiwa marehemu. Uvunguni mwa kitanda chenu ikapatikana pakiti ya mrututu. Mektrida akasema ni dawa ya nyanya zake. Ukaniuliza mimi niliyesoma, mbele ya ukoo mzima, kama dawa ile inaweza kuua kondoo. Nikajibu kwamba inaweza. Nikakaa. Siku hiyohiyo mkeo aliteremka na begi moja, na mtoto akabaki kwa bibi yake kama desturi yetu inavyotaka.

Tito, pakiti ile niliishika mkononi. Ilikuwa haijafunguliwa, uzi wa kiwandani bado uko palepale. Nililiona hilo na sikulisema. Nilirudi Moshi na kipande cha ini kwenye mfuko wa nailoni na majani kiasi, nikavipima mwenyewe. Vyote vilijaa shaba. Mektrida hakuua kondoo. Niliwaua mimi, kwa tope lile, na majibu yamekaa kwenye droo yangu tangu mwezi wa nane.

Nilitaka jina la Baba libaki safi mpaka kumbukumbu ipite. Kumbukumbu ikapita, na bado sikusema. Nilidhani nitakosa usingizi. Ninalala vizuri, mdogo wangu, tena mpaka asubuhi, na hilo ndilo linaloniogopesha. Barua yako ilipokuja nilijua kwamba nikinyamaza tena nitasimama altareni kukushuhudia nikiwa na uongo mfukoni.

Jumatano nilimfuata Mektrida sokoni Kiboriloni, anakouza nyanya. Nikamwambia yote huku watu wakipita. Hakunitukana. Alimaliza kupanga fungu la nyanya, akasema kwamba yeye hakuwa na haja ya kuambiwa kuwa hakuua. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama Salvina bado analishwa mboga za kule bondeni, na maji anakunywa ya wapi. Nimepima tope, nimepima majani, nimepima ini la kondoo. Mboga za mtoto sikuzipima.

Kesho napanda Kirua na chupa za kuchotea. Nitamwambia Mama, na Jumapili nitawaambia wazee, wamseme Baba watakavyo. Karatasi ya majibu nimeikunja humu ndani, uione kwa macho yako. Usimamizi siuwezi. Ukija Krismasi, kabla ya kupanda mlima pita kwanza Kiboriloni.

Veronika anakusalimu tena. Mama anakusalimu, na Salvina anasema umletee viatu vyekundu. Mektrida hakunipa salamu za kukuletea, nami sikuthubutu kumwomba.

Ni mimi kaka yako,
Sirili